Karatasi Iliyotoka na Amri

Shemeji yangu akinipigia simu kwa sauti ya upole, najua kuna balaa. Kwa kawaida hunitania mpaka nikamkatia. Siku ile alisema tu, "Shemeji, njoo studio. Njoo sasa hivi, tafadhali." Hiyo "tafadhali" ndiyo iliyonitoa mbio.

Yeye ni mpiga picha, mume wa dada yangu. Studio yao ni chumba kimoja chenye pazia jeupe ukutani, taa za miguu mirefu, na kompyuta niliyoifunga mimi mwenyewe. Ndani yake kuna skripti yangu, yaani mistari ya amri ambazo mashine huzitekeleza moja baada ya nyingine. Shemeji akichomeka kadi ya kamera na kubonyeza kitufe, skripti inanakili picha zote kwenye diski ya nje, inachapa karatasi ya shukrani ya kumpa mteja, kisha inafuta kadi ibaki nyeupe kwa kazi nyingine. Zamani ilikuwa inauliza kabla ya kufuta, "Una uhakika?" Shemeji alilalamika mpaka nikaliondoa swali hilo. Alisema anaulizwa maswali ya kutosha nyumbani.

Nilipofika, kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi mwanamke kijana, mkoba mapajani. Nilimtambua: shemeji alipiga picha za harusi yake. Nilijua pia kwamba mama yake alifariki ghafla mara tu baada ya harusi hiyo, na kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuikimbia kamera maisha yake yote. Za harusi tu ndizo alizokubali, tena kwa kubembelezwa. Binti alikuja kumwona mama yake.

"Fundi anaziandaa, eti?" aliniuliza.

"Anaziandaa," nikasema, nikapita haraka nisije nikaulizwa jingine.

Shemeji alinivuta nyuma ya pazia. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. "Nimetafuta kila mahali kwenye kompyuta, hamna kitu," akaninong'oneza. "Hata picha moja. Nitamwambia nini yule?"

"Kitufe ulibonyeza?"

"Asubuhi, kama siku zote."

"Na diski ilikuwa inawaka?"

Tulifuata waya wa diski kwa macho mpaka ukutani, na pale kwenye soketi yake tukakuta waya wa pasi. Dada yangu alikuwa mezani kwenye kona, ananyoosha pazia la akiba. Kwa unadhifu, dada hana mchezo. Anapiga pasi soksi. Anapiga pasi taulo. Nikilala kwake huwa naogopa kukaa muda mrefu mahali pamoja.

"Nilichomoa kidogo tu," alisema, pasi ikiwa hewani. "Kwani kulikuwa na nini?"

Mimi nina hasira za karibu, na wakati ule sikujua nianze na nani. Diski ilikuwa imezimwa, kwa hiyo picha hazikwenda popote. Skripti nayo ingeendelea tu, maana hatua moja ikishindikana inaruka kwenye inayofuata. Ingechapa shukrani, kisha ingefuta kadi bila kumuuliza mtu. Mama wa watu, mara moja tu amekubali kupigwa picha, na sisi tumempoteza kwa ajili ya pazia la akiba.

"Kadi iko wapi?" niliuliza.

"Hii hapa mfukoni. Ya nini sasa? Si ikitoka pale inakuwa nyeupe?" Akajipangusa uso kwa kiganja. "Siku ikiharibika inaharibika yote. Hata karatasi ya shukrani imetoka na matakataka."

"Matakataka gani?"

"Ndiyo mambo yenu hayo ya kompyuta. Nimeitupa."

Niliinama kwenye pipa la taka, nikaitoa karatasi iliyofinyangwa na kuikunjua juu ya goti. Juu ilianza vizuri: Asante kwa kutuchagua. Tunza kumbukumbu zako. Karibu tena. Chini yake, neno MWISHO, ambalo mteja hapaswi kuliona. Na chini ya MWISHO, mistari ya amri zangu mwenyewe, imechapwa yote kwa wino mweusi. Mstari wa chini kabisa ulikuwa ile amri ya kufuta kadi.

Niliinuka na karatasi mkononi.

"Dada, uliigusa skripti?"

"Niliigusa jana. Ile shukrani yako ilikuwa kavu kama onyo la polisi, nikailainisha. Halafu mistari ilikuwa imekaa ovyo, mingine ndani, na hilo neno la chini limebaki pembeni peke yake kama limefukuzwa. Nikalisogeza likae na wenzake."

Nilimkumbatia na pasi yake mkononi, nusura aniunguze.

Shemeji alitutazama kama watu tuliorukwa na akili, ikabidi nimweleze mbiombio. Ukitaka skripti ichape mistari mingi kwa mpigo, unaiambia: chapa kila kitu kuanzia hapa mpaka utakapokuta MWISHO. Neno hilo lazima lianze ukingoni kabisa mwa mstari. Likisogea hata nafasi moja, mashine hailitambui. Inaendelea kuchapa, ikidhani kila inachokiona ni sehemu ya shukrani, mpaka faili liishe.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ile amri ya kufuta imechapwa tu, haikutekelezwa. Lete kadi!"

Akanipa, nikaichomeka mimi. Kioo kikakaa kimya kidogo, kisha picha zikaanza kujipanga, safu kwa safu. Shemeji aliketi sakafuni pale pale na kushusha pumzi ndefu. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, sikuona aibu. Nikamchomolea dada pasi, nikawasha diski na kunakili picha kwa mkono wangu, nikazihesabu kwa macho hadi ya mwisho. Ndipo tukamwita bibi harusi.

Alipitisha picha polepole, kisha akasimama kwenye moja. Mama yake ameshika viatu mkononi, miguu mitupu, anacheza, anaitazama kamera usoni na kucheka meno yote nje.

"Hajajificha," alisema binti. Akalia, na dada akalia naye.

Tulimsimulia yote, ya pasi na ya pipa. Akaiomba ile karatasi ya matakataka.

"Hiyo? Nitakuchapia safi, mwanangu," alisema shemeji.

"Nataka hiyo hiyo."

Dada aliichukua, akaitazama mikunjo yake, akashindwa kuvumilia. Akanigeukia. "Diski imemaliza?"

"Imemaliza."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, dada."

Akachomeka pasi, akatandaza karatasi chini ya kitambaa na kuinyoosha mstari kwa mstari, mpaka ule wa chini kabisa, kisha akamkabidhi binti ikiwa bado ina moto.