Ofelia Hakujibu

Saa moja na nusu asubuhi mhudumu Bernardine alimvisha Ofelia Barranco soksi za kubana, akazima redio ya korido, akashuka jikoni akazima na ya mpishi. Ilikuwa Julai 2017, katika nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights, karibu na Saint Paul. Mpishi alinung'unika tu. Sababu aliijua.

Mwaka 1974 Ofelia alirekodi wimbo wa mapenzi huko Miami. Kampuni ikaweka kwenye jalada picha ya msichana mwingine, mweupe, kwa kuwa Ofelia alikuwa mweusi tii. Mkataba ukasema sauti ni mali ya kampuni milele. Msichana wa picha akazunguka dunia akifungua na kufunga mdomo, huku Ofelia akikunja mashuka ya hoteli mjini Saint Paul. Tangu hapo wimbo ukipigwa popote, Ofelia hana sauti, maana inatumika kwingine. Ulipokuwa wa zamani hakusumbuka sana. Kiangazi hicho vijana wakautilia midundo mipya, ukawa katika kila gari, kila duka, kila harusi, basi Ofelia akabakiwa na dakika mbili tatu za kusema kwa siku. Alizitumia kuomba maji na kumtukana msichana wa picha.

Siku hiyo alikuwa anapimwa akili. Asingetaja jina lake angehamishiwa ghorofa ya tatu, ambako mlango hufungwa kwa nje. Aliogopa sana.

"Jina langu nitalisema mwenyewe," Ofelia alikuwa amemwambia Bernardine juzi.

Mpimaji, nesi Mkenya aitwaye Nkatha, aliuliza jina. Akasubiri. Saa nne na dakika sita wimbo ulinyamaza dunia nzima. Ofelia akakohoa, akafungua mdomo.

Na Bernardine, jamani! Kwao Bukavu mzee hajitaji mbele ya mgeni. Mdogo ndiye humtambulisha. Maneno yakamponyoka: "Huyu ni Mama Ofelia Barranco."

Mahali fulani mtu akaupiga wimbo tena. Mdomo wa Ofelia ukabaki wazi.

"Dada, ni mimi nimeharibu," Bernardine alisema, machozi yakimlenga. "Sauti yake iko ku radio. Ile chanson ikipigwa, hawezi sema."

"Najua, aki. Wiki hii huyu ni wa pili ako hivyo," Nkatha alijibu. "Lakini fomu iko na box mbili tu: amejibu, hajajibu. Na jina umetaja wewe."

"Basi uliza tena!"

"Swali huulizwa mara moja, dada. Pole."

Alasiri Bernardine alimsukuma Ofelia kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye lifti. Spika ya darini ilikuwa inaimba, sauti ya Ofelia akiwa na miaka ishirini na mitatu. Bernardine alipapasa kuta zote akitafuta pa kuizimia, akapiga teke mlango kwa hasira. Walisikiliza mpaka juu. Kwenye mlango wa chumba kipya karatasi ilikuwa imeshabandikwa: Haongei.