Kola ya Padri na Mashua ya Amos

Huku Thornsea, mvuvi akikutana na padri njiani kwenda kwenye mashua, hurudi nyumbani. Nyumba za wageni zimejaa hadi juu ya mwamba, na mvuvi amebaki mmoja tu, kaka yangu Amos, lakini mwiko ni ule ule.

Padri Lovelock alikuwa mgeni. Siku ya kufungua msimu wa kaa aliteremka ufuoni na joho lake, eti aibariki mashua. Amos alipomwona alitema mate, akayabwaga madema yake ya kutegea kaa, akashika njia ya nyumbani.

Nilitoka jikoni, kwenye nyumba yangu ya wageni, nikamkimbilia na aproni yangu. Baraza la mji lilikuwa limesema wazi: ufuo ni wa wavuvi maadamu angalau mashua moja inashuliwa majini siku hiyo ya kufungua msimu. Isiposhuliwa, hoteli inapanga viti vyake pale. Na maji yalikuwa yameanza kupwa. Nilimwita mwoga, nikamwita mtoto.

"Hester," alinijibu polepole, "baba naye alikutana na padri. Akaenda hivyo hivyo."

Baba hakurudi.

Hasira zangu zikamwangukia padri. Nilimweleza alichofanya, na sikumung'unya maneno. Alisikiliza huku uso umemshuka. Kisha akavua joho, akafungua kola yake nyeupe, akaitia katika mfuko wa aproni yangu. Akakunja suruali na kuweka bega kwenye mashua.

Peke yake hakuisogeza hata kidogo. Wageni wangu walikuwa wametoka kutazama, mikate mikononi. Amos huwaita shakwe, wale ndege wa pwani, kwa kuwa hula na kuondoka. Nikawaambia anayetaka chakula cha mchana aje asukume. Wakaja, wengine na ndara zao. Mashua ikaanza kuteleza juu ya magogo.

Amos alisimama njiani akimtazama yule mtu aliyebaki na shati tu, bila joho wala kola, maji baridi kama barafu yakimfika mapajani. Akarudi, akayaokota madema yake. Akagusa chuma cha nanga, kama tunavyofanya kuondoa mkosi, akapanda.

Asubuhi ile yote sikupika kitu cha maana. Nilikaa dirishani na ile kola mkononi, nikiogopa kama mtoto. Adhuhuri mashua ikaonekana, imelemewa na kaa, na pale ufuoni padri alikuwa wa kwanza kushika kamba yake.

Amos alimtupia kaa mkubwa.

"Kesho uje mapema," akamwambia. "Kola mwachie Hester."