Marehemu Mama Oyoo

Jumapili ya pili ya Juni mwaka 1974, Aoko alikuwa ameketi mlangoni pake Kisumu Ndogo, Kibera, akipepeta omena, dagaa wa ziwani, kuondoa mchanga, wanawake wanne wa kwaya walipofika kumpa pole kwa kifo chake. Walikuwa wamebeba sukari kilo mbili na pakiti ya majani chai. Aoko aliweka ungo kando, akawakaribisha ndani, akawasha stovu.

"Tumesoma kwa gazeti," alisema Nasipwondi, aliyekuwa kiongozi wao. "Tumesikitika sana, Mama Oyoo."

"Nilikufa lini?"

"Hamsini na tatu. Kijana wako alikuwa na miaka mitano."

"Nilikufa na nini?"

"Kifua. Wameandika pia ulikuwa unapiga piano."

Aoko alivitazama vidole vyake, vilivyokuwa vinang'aa kwa magamba ya omena. Hakuwahi kugusa piano. Aliuliza kama gazeti limesema alikuwa anaipiga vizuri. Nasipwondi akajibu kwamba ndivyo lilivyosema. Basi wakaomba, wakaimba nyimbo mbili, wakanywa chai aliyopika marehemu, na ilipofika saa kumi na moja wakaaga wakaenda zao.

Oyoo, mwanawe, ndiye aliyeliambia gazeti. Kwa miaka minne alikuwa ameimba na bendi ya Radi Tatu katika ukumbi wa Githinji kule Kawangware, na watu walikuwa wakitoka hata Dagoretti kwa miguu kuja kumsikia. Alikuwa na sauti ya kukwaruza iliyowafanya watu waache soda zao mezani. Kisha akaamua kuimba peke yake. Alimwambia Wabwire, mpiga ngoma, kwamba bendi inamvuta chini. Akaondoa herufi moja kwenye jina lake, akawa Oyo, kwa sababu o ya mwisho ilikuwa na harufu ya kijijini. Kabla ya kila wimbo alianza kueleza maana yake, na maelezo yakawa marefu kuliko wimbo. Mwandishi wa gazeti alipomuuliza amelelewa wapi, aliona kwamba chumba cha bati na ungo wa omena havilingani na muziki anaotaka kuupiga.

Kufa hakukumsumbua sana Aoko. Mvua iliacha kumlowesha. Mbwa wa mtaa wa Gatwekera walinyamaza alipopita. Alipokwenda ofisini kufanya upya leseni ya kuuza samaki, karani aliyeitwa Kiragu alifungua faili, akasoma, akalifunga.

"Mama, siwezi kumpa marehemu leseni."

"Na nikiuza bila leseni?"

Kiragu alifikiri. "Siwezi kumshtaki marehemu pia."

Kwa hiyo aliendelea kuuza. Askari walipokuja kuwafukuza wachuuzi, walifika kwake, wakavua kofia, wakapita. Wateja walizoea upesi. "Marehemu, nipimie mkebe mmoja," walisema, naye akawapimia na kuwaongezea konzi moja juu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa hai.

Mwenye taabu alikuwa Nereah, binti yake.

Nereah alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani ya miguu pale nyumbani, na ndiye aliyemshonea kaka yake nguo zote za jukwaani tangu siku za Radi Tatu. Wiki ya tatu baada ya gazeti kutoka, wateja walianza kusahau kwamba walimwachia vitambaa. Wiki ya nne alivuka matope ya mtaa wa Soweto kwenda kununua uzi, na alipogeuka hakuona alama za viatu vyake. Jioni hiyo alimwambia mama yake walipokuwa wakila.

"Mama, hesabu yangu haiingiani. Wewe ulikufa hamsini na tatu. Mimi nimezaliwa hamsini na saba."

"Nimeiona," alisema Aoko.

"Sasa?"

"Kula kwanza. Kesho nitaenda kwa kaka yako."

Kesho yake alivuka Barabara ya Ngong kwa miguu, akafika Kawangware saa nne asubuhi. Oyoo alikuwa amepanga chumba cha mawe nyuma ya ukumbi wa Githinji. Alimkuta akiandika maelezo ya wimbo mpya wa sehemu tatu kuhusu mwezi. Oyoo aliinuka, akamwachia mama yake kiti, kisha akafunga mlango ili majirani wasione.

"Mama, unaendeleaje na ile maneno?"

"Mimi sina shida na kufa. Ningekufa tu siku moja. Lakini Nereah anaisha, Oyoo. Jana mwalimu wake wa kwaya ameruka jina lake. Juzi nimeliona pazia kupitia mwili wake, na yeye ndiye alikuwa mbele ya pazia."

Oyoo alikaa kitandani. Alikuwa anampenda dada yake, na hilo hakuna aliyewahi kulikana. Alishika kichwa.

"Niende niwaambie gazeti nilidanganya? Watasema hata muziki ni uongo. Nani atanisikiliza?"

"Saa hii nani anakusikiliza?"

Jumamosi iliyopita walikuja watu hamsini na wawili, na wengine walitoka alipokuwa bado anaeleza wimbo wa kwanza. Wakati wa Radi Tatu ukumbi ulijaa mpaka Githinji akaondoa mlango.

"Nipe wiki mbili," alisema hatimaye. "Nina onyesho kubwa. Mwandishi yule yule atakuja. Nitasema hapo jukwaani, mbele ya watu wote, kwamba mama yangu yuko hai na anauza omena Kibera. Na kwamba nina dada."

"Utasema?"

"Nitasema, mama."

Aoko alirudi akampa Nereah habari hiyo. Nereah alifurahi, na kwa kuwa kaka yake alikuwa na onyesho kubwa, akaanza kumshonea koti. Lilikuwa la mahameli ya zambarau, na mikono mipana, na nyota thelathini za kitambaa cheupe mgongoni. Ilimchukua siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu mguu wake ulipita katikati ya kanyagio la cherehani mara kwa mara, ikambidi ashone mengi kwa mkono. Sindano aliweza kuishika akiwa amekaza sana. Nasipwondi alipita akaona koti likijishona lenyewe kitini, akasema Mungu ni mwema, akaendelea na safari yake.

Siku ya onyesho walikwenda wote wawili. Aoko alimshika Nereah mkono njia nzima, kwa maana upepo wa Barabara ya Ngong ulikuwa mkali. Mlangoni Githinji alimsalimia Aoko akampa pole. Hakumsalimia Nereah. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linaingia kwa matundu ya mabati, na ndani walikuwa watu thelathini na mmoja. Mwandishi alikuwa ameketi mbele na daftari gotini. Wabwire alikuwa nyuma kabisa, karibu na makreti. Alikuja kwa heshima ya siku za zamani.

Oyoo alipanda jukwaani akiwa amevaa koti. Koti lilipendeza. Hata waliokuwa wamekuja kumcheka walikubali kwamba limeshonwa na mtu anayejua. Akaanza kueleza kuhusu mwezi. Alisema mwezi ni jeraha la anga. Alisema mambo mengine kwa dakika ishirini hivi.

"Piga gitaa, bwana!" mtu alipaza sauti.

"Huyu jamaa anajiskia sana siku hizi," mwingine akasema, bila kushusha sauti.

Oyoo aliangalia nyuma ya ukumbi, akamwona mama yake kando ya ukuta. Pembeni ya mama yake hewa ilikuwa nzito kidogo, na katika ile hewa kulikuwa na leso ya kichwa ya Nereah, macho yake, na mkono mmoja. Nereah aliinua ule mkono kumpungia. Wote wawili waliona kwamba amewaona.

"Kabla sijaimba," alisema Oyoo, "kuna jambo nataka kusema kuhusu mama yangu."

Mwandishi alifungua kalamu. Ukumbi ukatulia kuliko ulivyotulia tangu alasiri ilipoanza. Hata yule aliyepaza sauti aliweka chupa chini. Ilikuwa muda mrefu watu hawajamnyamazia Oyoo namna hiyo, na alibaki kimya kidogo ndani ya kile kimya, kama mtu aliyeingia chumba chenye moto wakati wa baridi.

"Wimbo huu," alisema, "ni wa marehemu mama yangu."

Watu walipiga makofi. Mwandishi aliandika. Aoko alihisi vidole vyake vinakutana na kiganja chake mwenyewe. Alitazama upande, akaona ukuta tu na kalenda ya mwaka jana.

Oyoo akaanza kuimba. Katika ubeti wa kwanza mkono wa kushoto wa koti ulitoka begani ukaanguka. Kisha wa kulia. Kisha nyota, moja moja, bila haraka, kisha mgongo ukaachana na kifua, kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyewahi kulishona. Alimaliza sehemu ya pili ya mwezi akiwa na singlendi, amezungukwa na vipande vya mahameli. Suruali nayo ilishonwa na Nereah. Sehemu ya tatu aliiimba akiwa ameishika kwa mkono mmoja.

Hakuna aliyeshangaa.

"Sasa hii pia ni sanaa?" aliuliza yule mtu wa chupa.

"Maringo tu," alisema jirani yake. Wakasimama wakatoka, na wengine wakafuata. Wabwire alivua koti lake la mvua, akaenda akamfunika, halafu naye akatoka.

Gazeti liliandika kwamba Oyo ni msanii anayejitakia makuu, lakini kwamba alimkumbuka marehemu mama yake kwa maneno mazuri.

Baada ya hapo mambo yalishuka. Mwaka 1976 walikuja watu tisa. Mwaka 1978 alitoa rekodi ya mwisho, na yeye mwenyewe aliibeba begani kutoka duka moja hadi lingine huko Kawangware, wakamwambia waachie moja, watasikiliza. Radi Tatu walipata mwimbaji mwingine, Kavoi, kijana wa Machakos ambaye hakueleza chochote. Mwishoni mwa mwaka uliofuata Githinji alimwita Oyoo.

"Jumamosi hakukuwa na mtu," alimwambia kwa upole.

"Mama yangu alikuwepo."

"Marehemu hatuwahesabu, Oyo. Ningefanyaje?"

Ukumbi ukawa ghala la mbao. Oyoo akafunga gitaa lake kwenye blanketi, akavuka Barabara ya Ngong, akarudi Kisumu Ndogo. Aoko alimpikia ugali na omena. Alikula zote, akaomba nyingine. Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa, akalala hapo. Asubuhi aliweka vitabu vyake juu ya cherehani.

"Hii mashini ni ya nani?"

"Ya dada yako."

Oyoo aliligeuza gurudumu la cherehani kwa kidole. Lilizunguka vizuri, lilikuwa na mafuta.

"Sina dada, mama."

"Najua," alisema Aoko. "Toa hivyo vitabu hapo."

Aliviondoa. Kwa kuwa alikuwa amekufa, Aoko hakusahau kitu. Alikumbuka siku aliyozaliwa Nereah, mvua ilivyonyesha, na jinsi Oyoo wa miaka tisa alivyokataa kwenda shule ili ambebe. Hakumwambia. Alimwambia akachote maji.

Waliishi hivyo miaka minne. Mama alienda sokoni, mwana alikaa ndani akiandika nyimbo, na jioni walizungumza habari za bei ya mafuta ya taa. Kisha mwaka 1983 akaja msichana mmoja kutoka gazeti, aliyeitwa Wangoi. Alikuwa anaandika kuhusu wanamuziki waliosahaulika. Oyoo alivaa shati safi. Aoko aliwaletea chai na mandazi, akabaki amesimama na birika mlangoni, maana viti vilikuwa viwili.

"Na huyu mama ni nani?" aliuliza Wangoi, akitabasamu.

Oyoo alimtazama mama yake. Aoko naye alimtazama. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Shoka lilipanda na kushuka mara saba au nane.

"Landlady," alisema Oyoo. "Mwenye hii nyumba."

"Ooh. Asante kwa chai, landlady."

"Karibu mandazi," alisema Aoko.

Gazeti lilitoka Jumapili, likamtaja landlady wa Oyoo na chai yake. Jumatatu asubuhi jirani wa chumba cha mwisho alibisha hodi, akamwambia Aoko, kwa heshima ya mpangaji, kwamba bati lake linavuja juu ya kitanda cha watoto na ana wiki mbili hajalala vizuri. Aoko alimwambia mbona hakusema mapema. Akamaliza kufunga omena kwenye gunia, akafunga khanga kiunoni, akaazima ngazi na nyundo kwa majirani.

Oyoo alitoka nje akiwa bado na kikombe cha chai, akashika ngazi chini. Mama yake akapanda.

"Angalia hapo, landlady, bati limeoza," alisema Oyoo.

"Nimeona," Aoko alijibu kutoka juu. "Wewe shika ngazi vizuri, mpangaji."