Kilichomuudhi Sheikha

Mwalimu Tabia alikuwa na wiki moja tu katika skuli ile ya Mji Mkongwe pale Sheikha, mtoto wa miaka sita, alipomrushia mwanafunzi mwenzake Shemsa kibao cha kuandikia. Tabia akanyanyuka kumchapa, lakini Bi Mwanapili, mwalimu mkuu, akamtangulia. Alimpeleka Sheikha mferejini, akafungua maji, akamshika mikono ndani yake mpaka akatulia.

"Kukasirika si kosa, mwanangu, ila usipige. Nambie kilichokuudhi."

"Shemsa kanambia baba hatorudi," Sheikha alisema.

Shemsa, aliyekuwa amewafuata na kusikia, akainamisha kichwa, akaja kumwomba radhi mwenzake.

Tabia alimtazama Bi Mwanapili kwa heshima mpya. Yeye utotoni alichapwa mara nyingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kilichomuudhi.