Sanduku Lililoitikia Hodi

Jumanne saa tatu asubuhi muuguzi aliweka sanduku lake juu ya mizani ya ofisi ya wakala wa mizigo, kisha akarudi nyuma hatua mbili asije akapimwa na yeye. Mizani ilisoma kilo thelathini na moja na nusu. Ndani ya sanduku mlikuwa na shuka mbili, mabakuli manne, birika, saa ya ukutani, mkasi wa kukatia vitambaa, daftari la vipimo vya nguo, na kitasa cha mlango pamoja na ufunguo wake. Alikuwa amepata kazi ya miaka mitano katika hospitali moja ng'ambo. Nguo angesafiri nazo kwenye ndege. Hivi vingine vingemfuata kwa meli.

Karani alikuwa msichana mwenye kucha ndefu aliyechapa kwa kutumia kifutio cha penseli. Alichapa mistari miwili, akafika wa tatu, akasimama.

"Dada, umejaza vizuri, hata mwandiko wako mzuri. Ila hapa, anwani ya makazi ya mtumaji. Kompyuta inaikataa."

"Nyumba namba kumi na nne, Mtaa wa Pili."

"Ndivyo nilivyoandika. Inasema haipo."

"Waliibomoa mwezi wa pili."

"Hapana, haisemi imebomolewa. Inasema haijawahi kuwepo."

Hilo muuguzi alilijua. Manispaa ilibomoa upande mmoja wa mtaa asubuhi moja ili ipate uwanja wa kuegesha magari. Baadaye ikagundulika kwamba hakuna aliyekumbuka kutoa notisi. Kurekebisha kosa hilo kungehitaji vikao vingi, kwa hiyo ikaonekana rahisi zaidi kuandika kwamba hapakuwa na mtu wa kupewa notisi. Kwenye rejista mstari ulisomeka: eneo wazi, wakazi hawajawahi kuwepo.

Karani alimweleza taratibu. Asiye na anwani hana mali binafsi. Vitu vyake ni bidhaa, na bidhaa husafirishwa na mwenye leseni ya biashara. Bila leseni sanduku lingebaki, na ghala halikuweka vitu vilivyobaki zaidi ya siku thelathini. Meli ingefunga kupokea mizigo Ijumaa saa sita mchana.

"Sasa nisikilize," karani akasema kwa sauti ya chini. "Andika anwani ya shangazi yako. Kila mtu ana shangazi."

"Ninaye."

"Haya, weka ya shangazi tumalize. Mimi sijaona, sijasikia."

"Sikuwa nakaa kwa shangazi."

"Dada yangu, fomu haina macho."

"Mimi ninayo," alisema muuguzi. "Wamenivunjia nyumba mara moja. Hiyo mara ya pili siwezi kuwavunjia mwenyewe kwa kalamu."

Karani akamtazama, akaweka penseli yake chini, akaenda kumwita mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alikuwa na mazoea ya kusema hodi kabla ya kufungua mzigo wowote, uwe begi au kabati. Wenzake walimtania sana kwa jambo hilo. Yeye alisema vitu vya watu ni kama vyumba vyao vya kulala. Akachuchumaa, akagonga mfuniko mara mbili.

"Hodi!"

"Karibu!" ikaitikia sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Sukuma tu, hapajafungwa. Ila viatu viache hapo nje, nimepiga deki sasa hivi."

Mkaguzi akavua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, akaikunja ikaenda chini ya vidole. Kisha akainua mfuniko, akaingiza mguu mmoja, akafuatisha wa pili, akashuka kama mtu anayeteremka ngazi fupi, mpaka kichwa kikapotea.

"Huyo ni nani?" karani aliuliza, kalamu mkononi.

"Mama yangu."

"Yuko hai?"

"Hapana. Alifariki miaka mitatu iliyopita."

"Aa, afadhali," karani akasema. "Abiria wana fomu yao, na ni ndefu."

Mkaguzi alikaa humo dakika arobaini. Kutoka sandukuni ilisikika cherehani ikienda na kusimama, na mara moja kicheko cha watu wawili. Alipotoka alikuwa na uzi mweupe begani, na kifungo cha koti lake, kilichokuwa kinaning'inia tangu mwezi uliopita, kilikuwa kimekazwa. Akaandika ripoti: "Sebule moja, vyumba viwili. Ukuta wa jikoni una ufa. Sakafu ina maji. Mwenye nyumba yupo."

"Mama yako alinifurahisha," alimwambia muuguzi akivaa viatu. "Ila mwanangu, anwani si kazi yangu. Nyumba isiyo kwenye rejista lazima manispaa waje waithibitishe. Nimeshawapigia."

Afisa wa manispaa alikuja siku ya pili na faili chini ya kwapa. Ni yeye aliyetia saini ule mstari wa rejista. Alikuwa mtanashati, mwenye haraka. Akamsalimia karani, hakumsalimia muuguzi, akashika mfuniko na kuuvuta. Haukufunguka. Akavuta kwa mikono miwili. Akaagiza mtaimbo, na mtaimbo ukapinda.

"Sema hodi, mheshimiwa," mkaguzi alimshauri.

"Siwezi."

"Ni neno dogo tu."

"Mzee, fikiri. Nikibisha hodi nitakuwa nimekubali kwamba hapa kuna nyumba. Na nikiitikiwa, nitakuwa nimekubali kwamba ina mtu."

Waliokuwa kwenye foleni wakaona hoja yake ina msingi. Mmoja aliuliza kama wangechelewa sana.

"Nani huyo anavuta mlango bila hodi?" sauti ikauliza kutoka ndani. "Hebu sema tena. Hiyo sauti naijua. Si wewe yule wa kifua inchi ishirini na sita? Mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia kwa nusu inchi! Sare zako zote nilizishona mimi, toka darasa la kwanza hadi la saba. Ulikuwa unakuja hapa mlangoni unabisha hodi mpaka majirani wanacheka, mtoto ana adabu kama bibi harusi. Imekuwaje?"

Afisa akavuta chini mkono wa shati wa upande wa kushoto, ambao ulikuwa umepanda juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Muuguzi akasimama kati yake na mlango wa ofisi. Hakupandisha sauti. Alizoea kuzungumza na watu wenye maumivu.

"Kaka, sikuombi uijenge. Sikuombi hata radhi. Sema hodi, uitikiwe, uende zako."

Afisa alitazama mfuniko kwa muda. Midomo yake ilikusanyika kama ya mtu anayetaka kutamka silabi ya kwanza. Kisha akalaza faili juu ya sanduku, akaandika akiwa amesimama, akagonga muhuri. Mbao ziliitika kwa kishindo. Akamkabidhi karani karatasi na kumuuliza njia ya kutokea ni ipi, ingawa ofisi ilikuwa na mlango mmoja, ule alioingilia.

Muuguzi akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye sanduku. "Sitaandika ya shangazi," alisema kabla hajaulizwa. "Likibaki, nabaki nalo. Hospitali watafute mwingine."

"Acha wazimu," mama alisema kutoka ndani.

"Mama, usiniingilie."

Karani hakuwasikiliza. Alikuwa anaisoma ile karatasi, akairudia tena, kifutio cha penseli kikifuata maneno. Iliandikwa hivi: *Leo nimefika Nyumba namba 14, Mtaa wa Pili, na nathibitisha kwamba haipo.* Chini kulikuwa na saini, tarehe, na muhuri wa buluu wa manispaa.

"Dada," karani akaita. "Kompyuta inataka barua yenye anwani na muhuri wa manispaa. Haitaki kujua barua inasema nini."

Akaiingiza. Mstari wa tatu ukapita. Siku hiyohiyo sanduku likapakiwa kwenye kontena, na kwa kuwa karani alikuwa mtu makini, alibandika karatasi juu ya mfuniko: *Usilaze kwa ubavu. Wamepiga deki.*

Meli ilichukua wiki saba. Bandari ya huko ilimpigia muuguzi simu akiwa zamu. Sanduku lake lilikuwa limegoma kufunguka, na misumeno miwili ilikuwa imekwisha meno. Alikwenda na sare yake ya kazi, akawafundisha neno. Wakaguzi watano warefu wakapanga mstari, kila mmoja na viatu mkononi, wakisema hodi kwa zamu. Walilitamka vibaya. Mama hakuwa mtu wa kujali lafudhi, akawakaribisha wote.

Muuguzi alipangishiwa chumba kimoja chenye kitanda, sinki na dirisha linalotazama ukuta. Aliliweka sanduku chini ya dirisha. Jioni ya kwanza, kwa uchovu na kwa kuwa siku nzima alikuwa akilifundisha lile neno bandarini, alijikuta anagonga mfuniko.

"Hodi."

Ndani cherehani ikasimama.

"Toka lini mtu akabisha hodi kwao?" mama akauliza.

Muuguzi akavua viatu, akashuka. Alikaa ndani mpaka birika likachemka, na alipopanda macho yake yalikuwa mekundu na pindo la sare yake lilikuwa limeshonwa.

Uwanja wa magari bado upo. Una mistari myeupe na mlinzi wa zamu, na kwenye rejista eneo linasomeka vilevile. Kila tarehe mosi muuguzi huiandikia manispaa barua, akidai Nyumba namba kumi na nne irudishwe kwenye rejista. Kwenye nafasi ya anwani ya kujibiwa huandika Nyumba namba kumi na nne, Mtaa wa Pili. Na manispaa, ambao kwa barua ni waaminifu, hujibu kila mwezi. Hujibu kwamba ombi halishughulikiki na kwamba barua hii haiwezi kumfikia mlengwa kwa sababu anwani yake haijawahi kuwepo. Barua hiyo hufika baada ya siku tisa, ikipenyezwa chini ya mlango, ndani ya sanduku, juu ya sakafu mbichi.

Mama huziokota. Upande wa nyuma ni mweupe na karatasi ni nzito, nzuri kwa kukatia ruwaza za kola. Husikika mkasi ukipita, kisha sauti yake ikipanda hadi chumbani.

"Wamejibu. Ni ileile."

"Sawa, mama."

"Andika tena."

Na muuguzi, ambaye huwa ameshakaa na kalamu, huanza na anwani.