Dereva Asipokuona Kwenye Kioo

...na huu mkono sijui nimeuinua tangu saa ngapi, bega limeanza kuniuma, rudi, njoo tu mzee, kushoto kidogo, tela linanisogelea polepole kama mtu mnene anayetafuta kiti gizani, na leo nimesimama kulia kwa sababu ya kisiki, miaka yote husimama kushoto, upande wa dereva, lakini hapa kuna kisiki cha mti mwekundu, kipana kuliko jiko langu la nyumbani, na nani atakilinda kama si mimi... au tuseme nani atalilinda tela, kisiki chenyewe hakina wasiwasi, kimekaa hapa kabla ya bibi yake bibi yangu. Yule baba wa hema la pili ameshageuza kiti chake cha kukunja, kikombe cha kahawa mkononi, anatutazama wala hajifichi, ndivyo kambini, mtu akirudisha tela nyuma kila kiti kinageuka, ila hakuna anayenyanyuka kusaidia mpaka aombwe, ndiyo adabu yetu, na Lyle, mume wangu mwenyewe, husema ukitaka kuijua ndoa ya watu usiwaulize, watazame wakirudisha tela. Yetu ilisifiwa. Sisi hatupigiani kelele, mkono mmoja njoo, miwili simama, na ile kanuni aliyonifundisha tuliponunua tela la kwanza, tena akaifundisha kambi nzima, kifua mbele, anawaambia dereva wa malori ya magogo mimi, sikilizeni, dereva asipomwona anayemwelekeza kwenye kioo anasimama, hakuna mjadala, na ukiuona uso wake kwenye kioo basi naye anauona wako... njoo, njoo... mbona kanyoa vizuri leo, namwona mpaka kidevu. Leo asubuhi pia alikuwa amenyoa, kule juu ya majabali, ukungu umekaa juu ya bahari, bahari yote upande wangu, kulia, na yule mwendesha baiskeli pembeni ya barabara na koti lake la manjano, manjano kabisa, hata kipofu... Mungu nisamehe, nilikuwa nataka kusema nini. Tulimpita karibu hivi kwamba niliona kifungo cha koti lake. Nikamwambia Lyle, yule mtu wa baiskeli. Akaniuliza, taratibu kabisa, macho mbele, "Mtu gani wa baiskeli?" Basi. Halafu tuliposimama kununua samaki wa moshi akaanza, eti alimwona, eti alimpa nafasi, nikanunua samaki, nikanyamaza, na samaki mwenyewe sijamwonja mpaka sasa. Njoo mzee, njoo. Tena si baiskeli tu, ni chapati za maji, ni mimi na chapati za maji, kila asubuhi anakula zile za kushoto kwenye sahani, anaweka uma, anasema ameshiba, mimi napita na birika la kahawa kama sina habari, naizungusha sahani, na yeye, "Ah, kumbe bado zipo," anaendelea kula, tunacheka, tumekuwa hodari wa kucheka. Kwa daktari wa macho alikwenda peke yake, akarudi akasema ni miwani tu, ya zamani imechoka, miwani mipya sijaiona hadi leo na sijauliza, ningeuliza nini, ukimnyang'anya mwanamume huyu usukani umembakishia nini, anazijua kona za barabara hii kuliko anavyowajua ndugu zangu, kila mlima una hadithi yake ya breki, na mimi tela sijawahi kuliendesha hata uwanjani, naogopa, ndiyo, naogopa, si kwa ajili yake peke yake. Mficha maradhi kilio humuumbua, mama yangu alikuwa na msemo wa namna hiyo kwa lugha yake, sasa kilio kitakuwa cha nani... Tessa. Kesho tunamchukua Tessa kwa mama yake, mjini Eureka, mjukuu ameshanipigia simu kuweka nafasi, bibi mimi nakaa dirishani, nataka kuona bahari, na dirisha la bahari ni la kulia. Kulia. Hebu simama hapo, Lyle. Mikono miwili. Nimeinua mikono miwili, mzee, kisiki hiki hapa. Anakuja. Labda tawi limenikinga, ngoja nisogee, haya, kioo chote mimi, uso wake huu hapa, macho yake yananitazama moja kwa moja, na anakuja, na anatabasamu, jamani anatabasamu, tabasamu lile la kunipa moyo. Nashusha mikono. Sijui kwa nini naishusha, naikunja kifuani, nasimama tu kama nasubiri duka lifunguliwe, na sauti yake inatoka dirishani, sauti tamu, ya mtu aliye kazini kwake,

"Nakuona, bibie, we endelea kupunga tu."

Napiga bati la tela kwa kiganja, pa, linasimama, kati ya chuma na kisiki mkono wangu hauwezi kupita, na sasa natembea, huku nyuma ya tela, nazunguka, nikifika kwake nitasema nini, nimwambie shingo imekaza, nimwambie tupumzike tule yule samaki, ningeweza, sahani nimezungusha nyingi, hii nayo ni sahani, lakini mtoto atakaa dirishani aone bahari. Injini inanguruma. Amekaa, mikono yote miwili kwenye usukani, ananiuliza kuna nini, mbona nimepiga, alikuwa bado na nafasi.

"Lyle, nilikuwa nimekunja mikono."

Anatazama mbele, kwenye miti, huku anasugua usukani kwa kidole gumba.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema unaniona."

Hazimi gari. Tela bado limekaa upande, nusu barabarani, na yule baba wa hema la pili amenyanyuka, nikadhani anakuja, kumbe anageuza kiti chake, anakielekeza msituni, anaketi tena na kahawa yake, asante baba. Kesho nitaendesha mimi, vibaya, polepole, watanipigia honi mpaka Eureka, waache wapige. Nafungua mlango wa dereva. Simharakishi, wala sisogei, nimesimama hapa kushoto, ambako ananiona.