Vidole Vinne Kila Upande

Jumapili baada ya chakula cha mchana, karani wa mapokezi alitandika gazeti sakafuni, akatoa pini, chaki, wembe na mkasi, akamwita baba yake aje asimame. Shati lilikuwa jeupe, la mtumba, kubwa ajabu. Baba ndiye aliyelichagua kwenye rundo la bei chee, akarudi nalo kifua mbele. "Bei ni ileile, mwanangu, lakini hili lina kitambaa kingi." Karani alishukuru huku akiona haya, kwanza kwa ajili ya shati, halafu kwa ajili yake mwenyewe.

Ijumaa ilikuwa siku ya picha kazini. Wafanyakazi wote wavae mashati meupe, picha itundikwe ukumbini. Walinzi hawakuhesabiwa, na baba alikuwa mlinzi wa geti la ofisi hiyohiyo. Miaka miwili walikuwa wakitoka nyumba moja, baba akitangulia dakika kumi, na ofisini hakuna aliyejua. Karani aliwaambia wenzake kwamba baba yake anaishi mbali. Kutangulia lilikuwa wazo la baba, eti asimharibie mtoto.

Cherehani walikuwa nayo, ya kuzungusha kwa mkono. Sanamu la kupimia hawakuwa nalo, kwa hiyo alivalishwa baba. Mabega yao yalikuwa mamoja, na kusimama bila kutikisika ndiyo kazi aliyoizoea.

Karani alibana vidole vinne kila upande, akachomeka pini, akamvua, akashona, akakata kilichozidi. Jioni suruali ya baba ikamdondoka. Wakatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Jumatatu alipunguza mikono ya shati, na baba akashindwa kufikia rafu ya sukari. Jumanne alikata urefu, shibiri nzima, na kesho yake baba alikwenda kazini amekunja suruali mara tatu.

"Baba, unapungua."

"Ni hilo shati. Kola bado, malizia. Ijumaa si mbali."

Hapo angeweza kuacha. Shati lilikuwa linavalika kabisa, tusidanganyane. Lakini kola ilikuwa ya kizee, naye alitaka ile ndogo ya kusimama. Akaikata. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka moto, akashona ameinama asimwone baba, lakini alishona.

Kufika Ijumaa baba alikuwa na kimo cha meza. Msimamizi wa walinzi alimletea kreti ya soda apande afikie komeo, akamwonya asicheleweshe magari. Wengine walimsalimia wakapita.

Karani naye alipita. Shikamoo alikuwa ameshampa nyumbani.

"Habari, mzee."

"Salama, dada. Karibu."

Ukumbini mhasibu alimzunguka mara mbili. "Jamani, limekukaa hilo! Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Wewe! Na ulipimia nini, hata likakaa hivi?"

Madirisha yalikuwa wazi, na geti lilikuwa hatua chache tu. Karani alimwona baba juu ya kreti, ameshika komeo kwa mikono miwili, uso ameuelekeza huku. Maneno yalikuwa mawili tu. Baba yangu. Aliyaona kabisa, yamefika mdomoni.

"Sanamu," alisema. "Nilipimia sanamu."

Baba akageukia barabara, akasimama wima kabisa. Mpiga picha akawaambia watu wasogeleane.

Jioni baba aliuliza kama picha imetoka vizuri. Karani alisema imetoka vizuri, akaenda kulia jikoni, akarudi, akaokota vile vipande vilivyokatwa akamshonea baba shati. Vilitosha, hata kimoja kikabaki. Baba alijitazama kwenye kioo kidogo cha kunyolea, akasema mwanangu ana mkono mzuri.

Jumatatu alitangulia kama kawaida. Siku hizi hutangulia nusu saa, kwa sababu hatua zake ni fupi.